Salamu kwa Taifa Zima

Nchi ya Labeka ipo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zote amezifungia Waziri wa Ramani kabatini, naye yuko ughaibuni, hajui njia ya kurudi.

Ni nchi ya amani. Mtu akiitwa huko haulizi "Nani?" Huitika kwanza, "Labeka!", halafu ndipo hugeuka kutazama kama aliyemwita ni binadamu au ni kasuku wa jirani. Na adabu hiyo nzuri, serikali ikaona haifai kuwaachia watu peke yao. Ikaamua na mashine nazo zifundwe. Feni, friji, taa za barabarani, malango ya magereza, mashine za kupumulia hospitalini: kila kimoja kikafungwa kidude chenye taa ya kijani, kikaitwa Sikio la Taifa. Serikali ikitaka jambo haitumi tarishi. Huandika programu, ikaipiga muhuri, ikaiachia hewani. Programu hiyo husafiri yenyewe, ikaingia sikioni mwa mashine moja, ikafanya iliyotumwa kufanya, kisha ikajizaa na kurukia mashine ya pili, na ya tatu, hadi mpakani. Wenyewe huiita amri.

Zamani za ujinga, mafundi walikuwa wamejenga ndani ya kila mashine kitu walichokiita baraza. Amri ngeni haikuingia ndani moja kwa moja kama mwenye nyumba. Ilikalishwa nje, kwa heshima zote, ikajuliwa hali, ikatazamwa mikono. Ikiwa na nia njema hukaribishwa. Ikiwa na kisu kiunoni huishia hapo hapo kizingitini. Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka ambao salamu ya Rais ilikawia barazani kwa muda wa kupepesa jicho. Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Dakta Profesa Injinia Chubwa Matamko, alipoletewa habari hizo alilia mbele ya Bunge.

"Waheshimiwa! Neno la Mlezi Mkuu limekalishwa nje! Juu ya mkeka! Na mbu wanaliuma! Likaulizwa, 'Wewe nani?' Waheshimiwa, hata mkwe haulizwi hivyo! Nasema mabaraza yabomolewe yote, na asiyekubali abomolewe naye!"

Makofi yalipigwa mpaka wabunge wawili wakateguka viganja. Mabaraza yakabomolewa, sheria ikatungwa, fupi kama kofi: *Amri haikaguliwi. Amri hutekelezwa.* Na mlangoni pa Wizara ya Usikivu likachorwa kwa rangi ya dhahabu shairi la Waziri mwenyewe:

Amuri ikitolewa, usiulize ni gani,
Mlango hufunguliwa, ikapita hadi ndani,
Viti vikaondolewa, vilivyoko barazani,
Anayeuliza nani, huyo amelaaniwa!

Tangu siku hiyo kila amri yenye muhuri ilipita mpaka chumbani, ikapanda kitandani na viatu vyake.

*

Ndani ya wizara hiyo alikuwamo Kheri Mwinyimvua, Mkurugenzi wa Kukaribisha Amri. Kazi yake haikuwa kuzisoma. Kazi yake ilikuwa kusimama zinapopita. Kheri alikuwa msomi hasa, na woga wake ulikuwa wa kisomi vile vile: aliyaogopa mambo kabla wenzake hawajajua kuwa yapo.

Asubuhi ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Rais, amri ya salamu ilishuka kutoka Ikulu ikapitia kwanza ofisini kwake, kama desturi, ili isimamiwe. Saa sita mchana ingeachiwa nchini kote. Kheri akafunga vifungo vya koti, akasimama wima, akainamisha kichwa.

Feni ikasita, ikazunguka mara ya mwisho kama mtu anayeaga, ikanyamaza. Birika la umeme lililokuwa linaguna likakata guno. Taa zikafa. Hata picha kubwa ya Rais ukutani, iliyozungushiwa vitaa kama jukwaa la harusi, ikawa giza.

"Umeme huo umekatika," alisema katibu muhtasi wake, Bi Sihaba, mwanamke ambaye hajawahi kushangaa kazini kwa kuwa kushangaa hakumo katika majukumu yake.

"Jirani wanao. Sikiliza redio yao."

Kheri akabonyeza swichi ya feni. Akabonyeza tena. Akaigonga. Feni ilimtazama tu, imetii, haijui lingine. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu aajiriwe. Akafungua ile amri na kuisoma.

Bi Sihaba alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Mkurugenzi, unaisoma? Mimi sijaona! Mungu wangu shahidi, sijaona kitu!"

Hapa inafaa kufahamu kwamba mashine za Labeka haziongei lugha za kuazima. Rais mwenyewe aliagiza zitungiwe Lugha ya Utii kwa Kiswahili kitupu, na akaweka kanuni moja: jina likae mbele, kitenzi kifuate, kwa kuwa mkubwa hutangulia na kazi huja nyuma. Mlango fungua. Taa washa. Maji mwaga. Hata mtoto huelewa. Na vyombo vyote vyenye Sikio, ili kuondoa ubaguzi, vilisajiliwa kwa jina moja tu: Taifa.

Basi Mlezi Mkuu, kwa mapenzi yake, safari hii aliitunga salamu mwenyewe, hakumwachia mwandishi wa hotuba. Na kwa kuwa Rais wa Labeka hasalimii kama jirani, bali hata salamu yake ni amri, ikapigwa muhuri kama ilivyo. Ilisema: *Salamu. Taifa zima.*

Rais alimaanisha nchi yote, wazima kwa wagonjwa. Mashine haina mapenzi. Neno "salamu" haikulijua, ikaliruka. Mbele ikaona jina. Nyuma ya jina ikaona kitenzi. Taifa: zima!

Kheri akaketi. Mashine iliyozimwa kwa amri haiwashwi ila kwa amri. Na mtambo unaotuma amri nao una Sikio, nao unaitwa Taifa.

"Bi Sihaba," alisema, "mama yangu yuko hospitali. Anapumua kwa mashine."

Bi Sihaba alishusha viganja taratibu. "Basi kimbia, mwanangu," alisema, ingawa walikuwa rika moja. "Mimi sijakuona ukitoka."

*

Hakukimbilia hospitali. Mtu wa ofisi akipatwa na moto hukimbilia kwa mkubwa wake.

Waziri Matamko alikuwa anavishwa nishani. Zilikwisha kujaa kifuani, sasa zinashonwa tumboni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mkurugenzi. Mbona unavuja kama mtungi mpya? Leo sikukuu!"

"Ni ile salamu, Mheshimiwa. Ina neno moja…"

"Rais hana neno moja, bwana. Kila neno lake ni hotuba."

"Neno 'zima', Mheshimiwa. Mashine zitalisoma vingine. Tungeandika 'taifa lote', basi, hata kwa wino mdogo…"

Mshona nishani alidondosha sindano akatoka bila kuiokota. Waziri akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mawaziri wa Labeka hawalifanyi.

"Kheri," alisema polepole, "umemsahihisha Rais kivumishi?"

"Simsahihishi, Mheshimiwa. Naogopa tu."

"'Lote'! Nani husema 'lote'? Mlafi! Rais aseme 'taifa lote', watu wadhani anataka kulila? Eh? Unataka kumtia Mlezi kinywani maneno ya wapinzani?"

"Hapana, Mheshimiwa. Feni yangu imezimika."

"Feni yako imetii. Wewe je?"

Kheri aliinua macho. Juu ya kichwa cha Waziri feni ilizunguka kwa raha, wala haikuwa na kitaa cha kijani. Macho ya Kheri yaliliona hilo, woga wake ukayafumba.

"Mama yangu yuko Wodi ya Waheshimiwa," alinong'ona. "Na mama yako, Mheshimiwa, yuko kitanda cha pili yake."

Kwa kitambo uso wa Waziri ulikuwa kama wa mtu mwingine, mtu wa kawaida, mwenye mama. Halafu nishani zikalia, uso ukarudi mahali pake.

"Wagonjwa ndio wa kwanza kustahili salamu," alisema. "Nenda zako. Na ukiona askari wanakufuata, usikimbie. Inachafua sikukuu."

*

Mji ulipambwa. Wananchi walikuwa wameagizwa wavae vizuri na saa sita wasimame kando ya mafriji yao ili wapokee salamu kwa pamoja. Wasio na friji waliazima. Familia nzima nzima zilionekana madirishani, zimejipanga, akina baba wameshika mlango wa friji kama wanashika bega la mkwe.

Kheri aliingia kwenye gari la ofisi, akakiona kitaa cha kijani karibu na usukani, akashuka. Miguu haina Sikio. Alikwenda kwa mwendo ule wa mtu anayejizuia kukimbia, na kila buti lililogonga lami nyuma yake lilimpiga kifuani. Mara mbili aligeuka. Mara ya kwanza alikuwa muuza kashata. Mara ya pili hakukuwa na mtu, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

Mama yake, Bi Mashavu, alikuwa ameketi kitandani, mrija wa hewa puani, hina mpya vidoleni. Ujanani aliimba mipasho katika maharusi, na ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya pumzi, siyo ulimi.

"Umekuja kuniona," alisema, akavuta hewa, "au umekuja kujificha?"

"Mama, shikamoo. Nyamaza kidogo." Kheri alipiga magoti, akapapasa nyuma ya mashine akitafuta Sikio. Vidole vyake vilitumbukia kwenye tundu tupu. Waya zilikuwa zimekatwa. Akaenda kitanda cha pili, kwa mama wa Waziri, aliyelala fofofo. Tundu. Cha tatu, tundu. Chumba kizima hakikuwa na Sikio hata moja.

"Unatafuta vile vidude?" Bi Mashavu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Waziri wako kavichukua alfajiri. Kaja mwenyewe, miwani myeusi, kama mwizi wa kuku. Kang'oa cha mama yake. Akafikiri. Akaona kitanda kimoja kitaonekana. Basi kang'oa vyote, katia mfukoni, kaondoka mfuko umetuna kama kaiba maembe."

Kheri alibaki magotini. Kumbe anajua. Tangu alfajiri anajua, na amemtisha hivyo hivyo. Na kama Waziri anajua, nani mwingine? Wangapi wameng'oa alfajiri ya leo, kimya kimya, kisha wakavaa nishani wakaenda kupiga makofi?

"Mama, umeokoka," alisema, machozi yakimtoka. "Nitakaa hapa nawe mpaka ipite."

"Ipite nini?"

Akamweleza. Bi Mashavu alisikiliza, akivuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayeonja uji wa moto.

"Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa," alisema mwishowe. "Nyie mmelipindua. Kwenu linalosikia ndilo linalokufa." Akamtazama mwanawe. "Na wale wa ng'ambo ya ukumbi? Wodi ya Wananchi? Waziri kawapitia?"

Kheri aliinama.

"Nakuuliza, Mkurugenzi."

"Mama, pana askari mlangoni. Ukigusa Sikio ni uhaini. Watanipoteza."

Bi Mashavu akatoa mrija puani, na kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwatoa wanaume ukumbini, akaimba mstari mmoja tu:

"Ulidhani una pembe, kumbe ni masikio tu!"

Kisha akaurudisha mrija, akageukia ukuta.

*

Ukumbi ule haukuwa mrefu, lakini Kheri aliuvuka kama anavuka mto wenye mamba. Spika za nje zilikuwa zimeanza: bendi ya polisi, kisha sauti ya mtangazaji ikisema Mlezi Mkuu amekwisha kupanda jukwaani.

Mlangoni mwa Wodi ya Wananchi alisimama askari kijana, Koplo Ngusa, bunduki kifuani. Nyuma yake, kupitia kioo, vitaa vya kijani vilimetameta safu kwa safu. Wagonjwa walikuwa wengi. Ndugu zao walikuwa wamesimamishwa kando ya vitanda, wamevaa vizuri.

"Shikamoo, mkubwa. Mwisho hapo."

"Marahaba. Koplo, nisikilize. Saa sita mashine za humo zitazimika. Zote. Saidia tung'oe vile vidude."

Koplo alishusha sauti. "Nimesikia hivyo, mkubwa. Tangu asubuhi watu wananong'ona."

"Sasa?"

"Sasa sina amri ya kung'oa."

"Watakufa, kijana!"

"Najua, mkubwa." Macho ya Koplo yaliteleza kuelekea kioo, kwenye kisanduku cha joto kilichokuwa pembeni, ambamo kitu kidogo, chekundu, kisichozidi kiganja, kilikuwa kinapumua. Mwanamke kijana alikuwa amekilalia kwa mikono yake. "Yule ni wangu. Kazaliwa kabla ya wakati. Hata jina hatujampa." Kidevu kilimtetemeka, bunduki haikutetemeka. "Lakini amri sina."

Kheri alimtazama, na hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikaonekana ndogo kando ya hofu hii mpya. Huyu hakuwa mtu mbaya. Baraza lake ndilo lililobomolewa. Nje spika zilisema, "Ndugu wananchi, shikeni mafriji!"

Na Kheri Mwinyimvua, aliyekuwa hajawahi kumwamuru hata mpishi wake, akajikuta amejaza kifua, anapiga ukelele mpaka kuta zikarudisha:

"Koplo! Hii ni amri! Ng'oa Masikio yote!"

Uso wa Koplo Ngusa ukanyooka, mikunjo yote ikatoka. Ilikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Labeka, mkubwa!"

Hakuuliza amri ya nani. Alipiga teke mlango, akarukia kisanduku cha joto kwanza, akang'oa, akaenda kitanda kinachofuata. Kheri alikuwa upande wa pili. "Amri!" alipiga kelele, na ndugu wa wagonjwa waliokuwa wamesimama kama nguzo wakaamka wote kwa pamoja, "Labeka!", wakang'oa kwa kucha, kwa meno, kwa vibanio vya nywele. Vitaa vya kijani vikaanguka sakafuni kama punje. Cha mwisho kilikuwa ndiyo kwanza kimeng'olewa na mzee mmoja pale sauti ya Rais iliposikika, nzito, yenye huba:

"Salamu, Taifa zi—"

Haikumaliza. Nchi ilinyamaza.

Hapakuwa na ngurumo wala mlipuko. Redio, magari, vinu, pampu za maji, vyote vilikaa kimya kwa mpigo, na kimya kile kilikuwa na uzito, kiliingia masikioni kama maji. Wodini giza lilidumu kidogo. Kisha nyuma ya hospitali jenereta kuukuu likakohoa likawaka. Lilikuwa la zamani mno hata serikali ikasahau kulifunga Sikio. Mashine za wodi zote mbili zikaendelea kupumua. Kisanduku cha joto kikaendelea. Mwanamke kijana akaanza kulia kwa sauti, na watu wakamwacha alie.

Kheri alikaa sakafuni, mikono inavuja damu kwenye kucha. Koplo alisimama mbele yake, amembeba mwanawe ndani ya kitambaa, anacheka, analia.

"Asante kwa amri, mkubwa."

"Koplo," Kheri alisema, "hukuniuliza mimi ni nani."

"Kuuliza ni kosa, mkubwa."

"Ningekuambia uwapige risasi je?"

Koplo alifikiri kwa uaminifu wote. Hakuona tofauti iko wapi.

Hapo ndipo waliposikia. Mbali kidogo, upande wa magereza, ambako malango bila umeme yalikuwa sasa mabati tu, mwanamume fulani alipiga ukelele ndani ya kile kimya. Sauti hawakuijua. "Hii ni amri!" Na mabuti, mengi, yakajibu kwa pamoja. Kisha ukelele mwingine, upande wa bandari. Kisha wa tatu, ambao ulikuwa karibu, ndani kabisa ya ua wa hospitali, kwenye ngazi:

"Hii ni amri! Askari wote nje, na silaha!"

Koplo Ngusa alinyooka kama waya uliovutwa. Alimlaza mtoto kisandukuni, kwa upole, akaichukua bunduki.

Kheri alimdaka mkanda. "Usiende! Hujui ni nani yule!"

"Ameamuru, mkubwa."

"Muulize kwanza. Simama hapo mlangoni umuulize yeye ni nani. Ni hilo tu, Koplo, mwanangu, nakuomba."

Mabuti yalikuwa yanapanda ngazi. Koplo alisimama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, jasho linamtiririka shingoni. Aligeuza uso kwa Kheri, na katika macho yake palikuwa na ombi, lile ombi la mtoto anayetaka ashikwe mkono.

"Na hiyo, mkubwa," alinong'ona, "ni amri?"